Deki ya CD moja au ya CD tano? Mwongozo kamili kabla hujatoa hela

Wiki iliyopita jirani kanigongea saa tatu usiku, simu mkononi, ananionyesha picha ya deki ya CD tano, mtumba, pana kama stuli ya mkaa, anataka nimwambie achukue hiyo au achukue ile ndogo ya CD moja aliyoiona dukani mpya na waranti yake. Nikamuuliza swali moja tu, una CD ngapi na ni za nini? Akacheka, "kaka sijui bana, ziko kwenye boksi la viatu." Nikamwambia nenda kafungue boksi kwanza ndo tuongee. Na wewe nakuanzia hapohapo, maana watu wengi wanaanza na mashine, kumbe mashine inatakiwa ifuate CD ulizonazo.

Mimi nimekaa na ya CD tatu, nikakaa na hom thieta ya CD tano, na sasa hivi sebuleni kwangu ipo ya CD moja, kwa hiyo mengine humu nimejifunza kwa hela yangu mwenyewe iliyopotea.

Hatua ya 1: Mwaga CD zote sakafuni

Usikadirie kichwani. Zimwage, kaa chini, zipange mafungu. Utashangaa. Fungu la kwanza huwa ni VCD za zamani, zile muvi za Kihindi na za Kinaijeria. VCD moja inabeba dakika 74 mpaka 80 hivi basi, kwa hiyo muvi ya Kihindi ya karibu saa tatu ilikuwa inakuja CD mbili au tatu, unafika pale jamaa anataka kulipiza kisasi cha baba yake, kioo kinakuwa cheusi, mtu anatumwa anyanyuke abadilishe. Deki za CD tatu zilivyopata umaarufu huku kwetu chanzo kikubwa ni hiki, wala sio ufahari. Unaweka CD ya kwanza, ya pili na ya tatu, mnaangalia mpaka mwisho hakuna aliyenyanyuka. Bongo muvi nazo zilitembea sana na mtindo wa Part 1 na Part 2 kila moja na CD yake, humo mashine ya CD nyingi inafanya kazi ya maana.

Fungu la pili ni tamthilia, zile boksi za Kifilipino na Kikorea zenye CD nne mpaka kumi. La tatu ni miziki ya kusikiliza, kwaya, taarabu, rhumba. La nne ni katuni za watoto. La tano ni zile DVD za "muvi 20 kwa moja", na hapa angalia vizuri, kama boksi lako limejaa hizi, huhitaji deki ya CD tano hata kidogo, CD moja ya hivyo unaimaliza kwa wiki. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, yenye tabaka mbili inabeba 8.5, ndo maana wanaweza kurundika muvi zote hizo japo picha inakuwa imebanwa mpaka sura za watu zina viboksi.

Andika idadi ya kila fungu. Utaitumia mbele.

Hatua ya 2: Jua unanunua nini hasa

Watu wanadhani deki ya CD tano ina nguvu mara tano, au picha yake ni nzuri zaidi. Hapana. Ndani kuna lenzi moja tu, inasoma CD moja kwa wakati mmoja, sawasawa na ile ndogo. DVD ya PAL, yaani mfumo wa picha za TV tunaotumia huku kwetu, ni mistari 576, iwe kwenye deki ya CD moja au ya CD mia nne picha ni ileile. Kilichoongezeka ni mashine ya kubebea CD, yaani sahani ya plastiki, mota ya kuizungusha, mota ya kutoa trei, giya, belti za raba na sensa za kuhesabu nafasi. Hela ya ziada unayolipa yote imeenda kwenye plastiki na mota, na vyote hivyo siku moja vitagoma.

Aina nazo zinatofautiana. Iliyozoeleka ni ya sahani inayozunguka, trei inatoka kubwa kama sinia la pilau, CD tatu au tano zimelala kwa duara, uzuri wake ni kwamba nyingi zinakuruhusu kubadilisha CD nyingine huku moja ikiendelea kucheza. Kuna zile zinazopokea CD mojamoja na kuzipanga ghorofa ndani, hizi ni nyembamba lakini zikikwama fundi anaona jasho. Halafu kuna mijitu kama ile waliyotengeneza Sony ya kubeba CD 400, za DVD na baadaye mwaka 2009 ikaja na ya Blu-ray (zile CD za picha kali zilizokuja baada ya DVD), kila CD imesimama kwenye mfereji wake kama sahani kwenye kichanja cha vyombo. Hizo ukikuta mtumba usiguse kama huna fundi wa kukaa naye nyumba moja.

Hatua ya 3: Jambo ambalo muuzaji hatakwambia

Hapa nataka utulie kidogo, maana mimi hapa ndo niliumia. Nilinunua ya CD tano nikiwa na picha kichwani ya kuweka tamthilia nzima, kulala kwenye kochi, CD zinajibadilisha zenyewe mpaka usiku wa manane. Kwa VCD na CD za muziki kweli inafanya hivyo, ikiisha moja sahani inazunguka inakuja nyingine. Lakini DVD nyingi zikiisha zinarudi kwenye menyu yake, kale kamuziki kanajirudiarudia, na kwa akili ya mashine hiyo CD bado inacheza, haijaisha. Kwa hiyo haibadilishi. Unabaki unasikiliza kamuziki ka menyu mara kumi mpaka ushike rimoti ubonyeze mwenyewe CD namba 2, halafu usubiri, kwangu nilihesabu kama sekunde 15 hivi, inashuka, inazunguka, inapanda, inasoma, ndo menyu inatokea.

Kwa maana hiyo kwa DVD unachonunua ni kutonyanyuka tu. Kwa mtu mwenye miguu mibovu au bibi anayekaa na rimoti yake hilo ni jambo kubwa, sidharau. Ila kwa kijana wa miaka 25 kunyanyuka mara moja kila saa mbili jamani.

Rudi kwenye mafungu yako. Kama VCD, Part 1 na Part 2, na CD za muziki ndo nyingi, deki ya CD nyingi inaingia akilini. Kama ni DVD za muvi moja moja, za menyu, au zile za 20 kwa moja, chukua ya CD moja, hela inayobaki nunua kebo nzuri.

Hatua ya 4: Geuza mashine uangalie mgongo

Usikubali kuuziwa kwa mbele, mbele kote kunang'aa. Geuza. Cha kwanza volti. Umeme wetu Tanzania ni 230, Kenya 240, mashine iliyoandikwa 120V imetoka Marekani na iliyoandikwa 100V imetoka Japani, ukiichomeka moja kwa moja inakufa hapohapo na moshi juu. Iliyoandikwa 110-240V haina shida. Ndugu wengi walioko Marekani wanatuma vitu kwa moyo mzuri kabisa lakini hawaangalii hili, na transfoma ya kushusha umeme yenyewe ni gharama nyingine. Kingine cha mashine za Marekani, nyingi zinatoa picha ya NTSC tu, yaani mfumo wa kwao Marekani, na hazijui PAL, ukiweka CD ya PAL inakataa.

Cha pili ni kile kialama kidogo cha dunia chenye namba katikati. Hiyo ni kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo deki imeruhusiwa kusoma CD zake. Sisi Afrika Mashariki ni kanda ya 5, Uingereza, Oman na Dubai ni ya 2, Marekani ni ya 1. CD orijino ya kanda 1 kwenye deki ya kanda 2 inagoma. Ukikuta dunia imeandikwa ALL au 0 umepona, na deki nyingi za bei chee za Kichina ziko hivyo, hapa ile ndogo ya CD moja inaishinda ile kubwa ya jina iliyotoka Ulaya. CD nyingi za kuchoma mtaani hazina kanda kwa hiyo kama unatumia hizo tu usijitese. Upande wa Blu-ray wanatumia herufi, Afrika na Ulaya ni B, Marekani na Japani ni A.

Cha tatu matundu. Deki nyingi za CD tano zilitengenezwa zamani kabla HDMI, ile kebo moja ya picha na sauti pamoja, haijaenea, zina njano nyekundu na nyeupe tu. TV nyingi mpya za flati zimeanza kuondoa hayo matundu au zimeweka kitundu kimoja kidogo kinachotaka kebo yake maalumu. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani piga picha mgongo wa TV yako, nenda nayo dukani, linganisha. Dakika moja tu.

Hatua ya 5: Pima kabati

Fupi hii. Deki ya sahani inayozunguka huwa na upana wa sentimita 43 hivi na kina kirefu, na trei ikitoka inataka nafasi nyingine mbele. Nimeona mtu kaweka kwenye kabati la kioo, trei ikitoka inagonga mlango, inajirudisha, inagonga tena. Chukua futi kamba upime, acha na hewa nyuma.

Hatua ya 6: Jaribu pale pale dukani, na hapa usione aibu

Deki yangu ya CD tano niliinunua duka moja la vitu used. Jamaa akaweka CD moja, picha ikatokea safi, akaniambia "unaona bosi wangu, mashine hii bado bikira," nikalipa. Kufika nyumbani nafasi ya 1, 2 na 3 zinasoma, ya 4 inazunguka inaipita, inarudi, inaipita tena, halafu inaandika NO DISC. Kurudi kesho yake, jamaa ananiambia lakini bosi nafasi tatu si zinakutosha? Kwa hiyo mashine ya CD tano unaijaribu na CD tano, sio moja.

Nenda na CD zako mwenyewe, usitumie za kwake, CD ya muuzaji huwa imechaguliwa. Beba moja orijino, moja ya kuchoma mtaani, moja yenye mikwaruzo ile ya wastani, na nyingine zozote za kujazia. Jaza nafasi zote. Washa, zima sauti ya TV, halafu sikiliza kwa sikio. Sahani ikizunguka inatakiwa itoe mlio laini unaofanana mwanzo mpaka mwisho. Ukisikia krr-krr-krr ujue kuna jino la giya limekatika. Ukisikia tik-tik-tik kila inapotaka kusoma, lenzi inatafuta CD haiioni, ama ni chafu ama imechoka.

Chagua kwa rimoti namba 5, halafu 1, halafu 3, usifuate mpangilio, ndo utajua sensa ya kuhesabu inahesabu kweli. Fungua trei wakati inacheza uone kama inaendelea. Funga. Fungua tena, fungua mara kumi, muuzaji akinuna mwache anune. Trei inayotoka kwa kusitasita au inayohitaji kusukumwa na kidole, belti imelegea, belti yenyewe ni kitu cha bei ndogo lakini kwenye deki kubwa fundi anabidi avue sahani nzima kuifikia. Usikubali fundi aweke raba bendi ya kufungia hela, inashika wiki mbili joto linaiyeyusha inaganda kwenye puli.

Kipimo kingine ambacho wengi hawakijui, CD inasomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Kwa hiyo muvi kuanza vizuri sio dalili ya chochote, ruka mpaka mwisho, dakika za mwisho kabisa, lenzi iliyochoka au mota iliyolegea hapo ndo picha inaanza kuganda. Na iache icheze nusu saa ipate moto. Lenzi mbovu ikiwa ya baridi inadanganya.

Ya CD moja unaijaribu hivyohivyo ila kwa robo ya muda, hakuna sahani.

Hatua ya 7: Angalia tundu la flashi, halafu liulize maswali

Karibu kila deki mpya ya CD moja ina tundu la USB mbele, na nyingi za zamani za CD tano hazina. Mimi kwa kweli hiki ndo kilinihamisha. Flashi moja ya GB 32 inabeba kazi ya sahani nzima na haina giya. Lakini usikimbilie kushangilia, deki hizi nyingi zinasoma flashi iliyofomatiwa FAT32 tu (mtindo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye flashi), na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Halafu zina ugomvi na mafaili ya kisasa. Unaweka muvi ya MP4 uliyoishusha kwenye simu, sauti inatoka vizuri picha hamna, au inaandika haitambui. Nyingi zinataka mafaili ya video ya zamani, yale ya AVI yaliyobanwa kwa Xvid. Kwa hiyo dukani nenda na flashi yako yenye muvi zako, sio maelezo ya kwenye boksi, boksi linaandika MP4 kwa herufi kubwa likimaanisha kitu kingine.

Na kama kwenu mnatumia sola, tafuta kale kadogo kanakokubali volti 12 moja kwa moja, hakahitaji inveta. Ya CD tano yenye amplifaya ndani itakulalisha gizani.

Hatua ya 8: Sasa amua

Chukua ya CD nyingi kama una saluni, mgahawa au duka unataka muziki ujiendeshe toka asubuhi, kama boksi lako ni VCD na Part 1 Part 2, au kama mnao watoto wanaoshika CD na mikono ya maandazi, ukizipakia tano Jumamosi asubuhi unaficha boksi wanachagua kwa rimoti bila kuzigusa. Tena hakikisha wanajua nafasi moja CD moja, maana kwangu ziliwahi kupandishwa mbili nafasi moja, sahani ikabana, nikatoa hela kwa fundi.

Wengine wote chukueni ya CD moja. Kama hela ipo na una TV kubwa, badala ya CD tano za DVD chukua Blu-ray ya CD moja, inasoma na DVD zako za kanda yake na ukipata CD ya Blu-ray picha ni mistari 1080. Ila jua makampuni yanatoka mmoja mmoja kwenye biashara hii, Oppo waliacha 2018, Samsung wakaacha kutoa mpya Marekani 2019, kwa hiyo ukikuta nzuri usisubiri sana.

Hatua ya 9: Kuipeleka nyumbani na kuishi nayo

Toa CD zote kabla ya kuibeba. Zote. Nilihama Mbagala kwenda Tabata na CD tatu ndani ya deki, ikapanda kirikuu, barabara mnaijua. Kufika nikawasha, sahani ikajaribu kuzunguka ikanguruma ikatulia. Fundi alifungua skrubu sita za juu kwa bisibisi ya nyota, akanyanyua bati, tukakuta CD moja imetoka kwenye nafasi yake imesimama wima kati ya sahani na lenzi, imekwaruza mpaka rangi ya fedha imetoka, na jino la giya liko pembeni kama punje ya mchele. CD yenyewe ilikuwa ya harusi ya dada yangu.

Umeme ukikatika trei iko nje, usiisukume kwa mkono, subiri urudi, mashine nyingi zinajizungusha kutafuta nafasi halafu zinajifunga. Kama haijajipata baada ya dakika moja, chomoa kwenye ukuta, hesabu mpaka thelathini, chomeka tena.

Vumbi ndo adui wa lenzi. Funika na kitambaa chepesi ikiwa imezimwa na imepoa, lakini kitoe kabla ya kuwasha. CD ikichafuka ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari mnyoofu, usizungushe kama unaosha sahani, mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu data nyingi za sehemu moja mfululizo na mashine inashindwa kuzikisia. Lenzi yenyewe ni tone la spiriti safi kwenye pamba ya kijiti, unagusa tu, husugui, na perfyumu usiweke hata kama inanukia spiriti.

Jirani alirudi jana. Boksi lilikuwa na CD 31, kati ya hizo 19 ni za muvi 20 kwa moja na nne zimevunjika. Kachukua ile ndogo.